Uzi: Tukisafisha kwetu tukapeleka uchafu kwa wenzetu bado hatujafanya kitu, tuongee tabianchi ya Dar na nani anailipia

Mkazi wa Tabata (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Huu uzi ni mrefu, mwenye haraka asome nusu arudi baadaye. Kila masika ikikaribia mitandao inajaa picha za Jangwani, magari yamezama, watu wanavushwa mgongoni, halafu mada inageuka inakuwa "kwanini wanakaa bondeni". Mvua ikikata mada nayo inaisha. Mimi naomba safari hii tuanze na swali lingine, nani analipa gharama ya huu mji kuishi unavyoishi? Maana mabadiliko ya tabianchi tunayaongea kama kitu cha barafu ya Kilimanjaro na mikutano ya Ulaya, wakati hapa Dar ni suala la haki kabisa, kuna anayeamka maji yamefika dirishani na kuna anayesikia mvua juu ya dari akageukia upande wa pili akalala.

Nianze na historia ambayo vijana wengi humu hawaijui. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walienda Mahakama Kuu kulishitaki jiji, kesi ya madai namba 299 ya 1988, Joseph Kessy na wenzake. Dampo la jiji lilikuwa Tabata katikati ya makazi, taka zinachomwa, moshi, harufu, nzi mpaka kwenye chakula. Wakashinda. Jiji likawa linarudi mahakamani kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, mpaka Jaji Lugakingira akasema hajawahi kusikia popote mamlaka ya umma inaenda mahakamani kwa kujiamini kabisa kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Ule uamuzi una uzito mpaka leo kwasababu ulifunga mazingira na haki ya kuishi iliyo kwenye ibara ya 14 ya Katiba, yaani mtu wa kawaida tu wa mtaani anaweza kusimama akasema huu moshi unanipunguzia uhai wangu na mahakama ikamsikiliza.

Sasa kilichofuata ndo kinaniumiza. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wa Kunduchi nao wakakusanyana karibu watu mia nane, wakafungua shauri lao mwaka 1991, wakashinda. Taka zikaenda Vingunguti. Baadaye Mtoni. Leo zinaenda Pugu Kinyamwezi. Wale wazee wa Tabata na Kunduchi nawaheshimu sana, walifanya kitu ambacho wengi wetu leo hatuthubutu, lakini ukiangalia safari nzima utaona taka hazikupungua hata ndoo moja, zilikuwa zinahama tu. Aliyepata nguvu ya kusema hapana alipona, na mzigo ukamfuata ambaye bado hajajipanga.

Na dunia nayo iko hivyohivyo wakuu. Mtanzania mmoja kwa wastani anatoa kama tani 0.2 za kaboni dioksaidi kwa mwaka, Mmarekani anatoa kama tani 14. Shirika la Oxfam walipiga hesabu za mwaka 2019 wakakuta asilimia 1 ya watu matajiri kuliko wote duniani walitoa asilimia 16 ya hewa ukaa yote, sawa na theluthi mbili ya watu wote duniani, wale maskini zaidi, wakijumlishwa. Yaani hata hewa tumesukumiwa. Afrika nzima haifiki asilimia 4 ya uzalishaji wa dunia, lakini Desemba 2011 Dar ilipoteza zaidi ya watu 40 kwa mafuriko, na mwaka 2024 mpaka mwisho wa Aprili Waziri Mkuu wa wakati huo Majaliwa alilitangazia Bunge watu 155 wamekufa nchi nzima kwa mvua zile za El Nino, na wiki iliyofuata tu kimbunga Hidaya kikaja huku pwani, Mafia ndo walikiona hasa. Siwezi kusema kila mvua ni tabianchi, El Nino ilikuwepo toka zamani, ila bahari na hewa vikiwa na joto zaidi mvua inashuka nyingi kwa mkupuo na mitaro yetu haikujengwa kwa mvua ya namna hiyo.

Hoja yangu ni hii, chochote tutakachokifanya, iwe nyumbani kwako au mtaa mzima au serikali, tukipime kwa kuuliza kimepunguza mzigo au kimeuhamisha. Ukifagia uwanja wako taka ukasukumia mtaroni umeuhamisha. Ukijaza kifusi kiwanja chako kikapanda maji yakaenda kwa jirani, umeuhamisha. Mwenye mawazo karibu, na mwenye kupinga pia karibu, tuongee kwa hoja.

Kichwa Maji 

Mkuu umeandika vizuri ila umejijibu mwenyewe. Kama sisi ni tani 0.2 sasa mimi nitenganishe maganda ya ndizi ili iweje? Hata Tanzania nzima tukiacha kupika kesho dunia haitajua. Wenye viwanda waanze. Na hapohapo bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima linakuja mpaka Chongoleani Tanga kilomita 1,443, halafu mama mwenye jiko la mkaa ndo anaambiwa yeye anaharibu mazingira. Hii sio haki na mimi siikubali.

Binti Segerea

Kichwa Maji umenena. Nikisikia semina za mazingira hotelini naumia sana, watu wanajadili mkaa wa mama ntilie huku nje magari makubwa yamewashwa kiyoyozi yanawasubiri.

Guta la Vingunguti

Nasoma kimya ila hapa kwenye taka lazima niseme maana ndo kazi yangu, nazoa taka kwa guta mitaa ya huku. Watu wanaongea taka kama kitu kimoja, sio kimoja. Uzito wote ni taka mbichi, maganda, ugali wa jana, mabaki ya sokoni. Msimu wa maembe na mananasi kiroba kimoja hunyanyui peke yako na maji yake yanakuchuruzikia mgongoni mpaka kiunoni, ile harufu unalala nayo. Chupa za plastiki hazina uzito ila zina hela, vyuma vina hela, maboksi yana hela yakiwa makavu. Sasa ukinichanganyia kwenye kiroba kimoja maboksi yanalowa hayauziki tena, chupa zinapaka mafuta na uozo mnunuzi anakata bei. Ndani humo kuna pampasi na vipande vya glasi, mikono imechanika, glavu unajinunulia mwenyewe ukipata.

Gari la taka haliingii uchochoroni, tunaoingia ni sisi. Na kuna wenzetu wanamwaga mtoni mvua ikianza kunyesha, siwatetei, lakini mtu unampa jero kwa kiroba, sehemu ya kukusanyia iko mbali na akifika anadaiwa hela ya kumwaga, atabaki na nini? Mkinilipa vizuri na mkitenganisha tu mbichi na kavu, mzigo wa kwenda dampo unapungua zaidi ya nusu, hilo nawaambia kwa mikono yangu.

Mkazi wa Tabata

Guta la Vingunguti ubarikiwe kaka, wewe ndo umeongea uzi wenyewe. Hebu niunganishe na alichosema Kichwa Maji.

Kichwa Maji sikubishii kwenye haki, nakubaliana na wewe asilimia mia kwamba waliochafua ndo walipe, na nitalirudia hilo chini. Hata hilo la bomba sikwepi, ni swali halali na wananchi wana haki ya kuuliza serikali yao, Tanzania imeahidi kwenye mpango wake wa 2021 kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 mpaka 35 ifikapo 2030 ukilinganisha na ambavyo zingekuwa tusipofanya kitu, kwahiyo mradi wowote mkubwa upimwe na ahadi hiyo. Lakini maganda ya ndizi hatutenganishi ili kumuokoa Mmarekani. Angalia njia ya kile kiroba. Kikimwagwa mtoni, Msimbazi unaanzia kule milima ya Pugu unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo, Jangwani mpaka unaingia baharini pale Salender, kwahiyo kiroba cha Gongo la Mboto kinaenda kuziba karavati la Kigogo na anayefurikiwa ni mtoto wa Kigogo. Kikifika dampo kikafukiwa, taka mbichi zinaoza bila hewa zinatoa gesi ya metheni, na metheni kwa miaka 20 ya mwanzo inashika joto mara 80 hivi kuliko kaboni dioksaidi, na moshi wa dampo ukiwaka unavutwa na watoto wa Kinyamwezi, sio wa Marekani. Alafu yale maganda yakiwekwa peke yake ni mboji, ni chakula cha nguruwe, wengine wanafuga funza wa kulishia kuku. Ni hela.

Na sio ndoto, Bonyokwa hapo wakazi na shirika la Nipe Fagio walianza kutenganisha taka nyumba kwa nyumba na wazoa taka wakaunda ushirika wao wenyewe. Kitu kilichonivutia pale ni kwamba mzoa taka ni mwenye mali, sio kibarua wa mtu, na akiwa na sauti kwenye ushirika anaweza kudai glavu, buti na bei inayoeleweka.

Mama Lishe Buguruni

Wanangu mimi sijui kuandika sana ila hili la mkaa linanihusu. Kila siku tunaambiwa tuhamie gesi, nani asiyetaka gesi? Moshi unanitoa machozi toka saa kumi alfajiri, kifua kinabana, ukifika miaka yangu unaujua. Lakini kujaza mtungi mdogo ni elfu ishirini na kitu kwa mkupuo, na mtungi mdogo kwa biashara hauchukui siku nyingi. Mkaa nachukua wa buku mbili asubuhi nachemsha chai na kukaanga maandazi, hela ya maandazi ikirudi nanunua mwingine wa maharage. Hela yangu inakuja kidogo kidogo basi na moto wangu lazima uje kidogo kidogo. Hao wanaopanga mipango wana mshahara wa mwisho wa mwezi ndo maana hawaelewi.

Mkazi wa Tabata

Shikamoo mama. Asante sana kwa kutuandikia, na naomba kila anayepita kwenye huu uzi asome mara mbili ulichosema, maana ni uchambuzi mzuri kuliko ripoti nyingi.

Serikali imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, na Rais Samia Mei 2024 alikuwa mmoja wa wenyeviti wa ule mkutano wa Paris wa nishati safi ya kupikia Afrika zikaahidiwa dola bilioni 2.2. Mimi naunga mkono kabisa. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2009 ilikadiria nchi inatumia tani milioni moja za mkaa kwa mwaka na nusu yake inaishia hapa Dar. Tena tanuru la udongo la kienyeji linapoteza nishati nyingi sana ya ule mti kabla gunia halijafika barabarani. Hapo tena tumemsukumia mtu, misitu inayokatwa sio ya Masaki wala ya Tabata, ni ya vijiji vya Pwani, Morogoro na kwingineko, na siku vyanzo vya maji vikikauka kule bomba la hapa nalo linakauka.

Ila haki inasema usimpe mama mtungi wa kwanza bure wenye picha ya kiongozi halafu ukamwacha na bei ya kujaza. Mtungi ukiisha unageuka kiti. Kinachotakiwa ni gesi inayolipiwa kidogo kidogo kwa simu kama mkaa, teknolojia ipo na hapa Dar imeshafanya kazi, ifike Buguruni na Manzese kwa bei ambayo mama lishe anaweza. Au vikundi vyenu vya VICOBA vinunue mitungi mikubwa kwa zamu kama upatu. Na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba, kwanini isitumike kwenye majiko na kwenye maguta ya taka?

Mpangaji Mbagala

Mimi nina presha kuka ya umeme, nilinunua baada ya kusikia maharage yanaiva kwa umeme wa hela ndogo kuliko mkaa, na ni kweli. Tatizo nyumba yetu wapangaji wote tuko kwenye LUKU moja, yaani mita moja ya umeme, tunachangishana sawa. Siku ya kwanza tu nimewasha jirani akanigongea akasema mimi ndo namaliza umeme. Yeye ana friji ya kuuzia barafu na anaona sawa. Nimeiweka juu ya kabati mpaka leo. Kwahiyo mkuu usisahau wapangaji, Dar wengi wetu ni wapangaji, hata kupanda mti uwanjani mpaka mwenye nyumba akubali.

Binti Segerea

Hili la LUKU ni kubwa sana. Mwenye nyumba akiweka mita ndogo kwa kila chumba ugomvi wote unaisha, sio gharama ya kumshinda mtu anayechukua kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Mkazi wa Tabata

Kabisa. Sheria ndogo za halmashauri zingeweza kulazimisha hilo nyumba za kupangisha. Mpangaji mmoja mmoja akiomba anaambiwa hama, wapangaji wote wa mtaa wakiomba kwenye mkutano wa mtaa ni habari nyingine.

Mchora Ramani

Naomba niongezee upande mwingine. Kuanzia 2015 kulikuwa na mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wenyewe walichora ramani za kata zinazopata mafuriko, maana kuna mitaa ilikuwa kwenye ramani rasmi inaonekana kama pori tu, hakuna nyumba, hakuna njia. Nilishiriki. Unaingia uani unamuuliza mama mwenye nyumba maji ya mara ya mwisho yalifika wapi, anasimama ukutani anaweka mkono hapa kifuani, unapima kwa futi unaandika. Nyumba ya pili unakuta kamstari ka tope bado kapo juu ya soketi. Vijana wa pale wanakwambia mtaro ule uliziba kuanzia mwaka fulani baada ya fulani kujenga fensi. Taarifa zote za mafuriko ziko kwenye vichwa vya wakazi, zilikuwa zinakosa wa kuziandika. Mtaa wowote leo unaweza kufanya hivyo kwa simu, ramani ya bure ya OpenStreetMap ipo, na ukienda kwa mhandisi wa manispaa na ramani yako hakujibu kama anavyokujibu ukienda na malalamiko matupu.

Mzee wa Kigogo

Vijana, nimekaa bonde la Msimbazi tangu mnazaliwa wengine. Mnaposema kwanini wanakaa bondeni mjue hakuna aliyechagua maji. Unatafuta kibarua Kariakoo, unatafuta chumba unachoweza kulipa na kwenda kazini kwa mguu, utakipata wapi kama sio bondeni? Baada ya yale mafuriko ya 2011 watu walipewa viwanja Mabwepande. Ilikuwa nia njema lakini ni mbali mno na mjini, nauli inakula kibarua chote, kuna waliorudi. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto, naijua sana maana nimesomewa mara nyingi. Lakini ile ile sheria mwanzoni kifungu cha 4 inasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Hicho sijawahi kuona mtu anakuja na kipaza sauti kunisomea.

Kichwa Maji

Shikamoo mzee. Aisee hiki kifungu cha 4 nilikuwa sikijui.

Mkazi wa Tabata

Shikamoo mzee wangu. Ahsante.

Wakuu hapo kwa mzee ndo pa kukaa kidogo. Sasa hivi kuna mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia uliidhinishwa 2022, daraja refu pale Jangwani, mto kupanuliwa, bustani. Mimi nautaka ule mradi, pale Jangwani barabara ikifungwa nusu ya mji inasimama, mgonjwa wa Magomeni hafiki Muhimbili. Lakini kipimo changu ni kilekile. Nyumba ikibomolewa mwenye nyumba anajulikana, wapangaji wake watano wanaenda wapi? Wakienda kuanza upya kwenye bonde lingine pembeni ya mji, Mto Mzinga au Tegeta huko, tumehamisha mafuriko tu. Bustani nzuri ya kutembelea Jumapili isiwe imelipiwa na mtu aliyepoteza uwezo wa kwenda kazini kwa mguu. Maswali haya yaulizwe mapema, kwa adabu, na yaulizwe na wote, sisi wa Tabata tuulize kwa ajili ya wa Kigogo, maana 1988 na 1991 kila mtaa ulipigana peke yake na mnaona taka zilipoishia.

Na ndo hivyohivyo nje ya nchi. Kichwa Maji ulisema wachafuzi wakubwa ndo waanze. Mwaka 2009 kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi Copenhagen nchi tajiri ziliahidi kuzipa nchi maskini dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020, zilifikia 2022, miaka miwili kwa kuchelewa, na sehemu kubwa ilikuja kama mikopo, yaani aliyekuunguzia nyumba anakukopesha ndoo ya maji. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi zilizoumizwa na tabianchi, ulikubaliwa kwenye mkutano wa Misri 2022 baada ya nchi maskini na visiwa kudai kwa miaka thelathini, wakaungana wakagoma kurudi mikono mitupu. Mkutano wa Baku 2024 wakaahidi dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Hela hizo zikija, swali linarudi mtaani, zinafikaje kwa mzee wa Kigogo? Ule ukuta wa bahari pale Barack Obama Drive ulijengwa kwa hela za mfuko wa kimataifa wa kuhimili tabianchi, ni kazi nzuri na barabara ingeliwa na mawimbi bila ule ukuta. Wa mabondeni nao wanahitaji kuta zao na mitaro yao, na zitafika huko endapo watu wa huko wameshajipanga, wana ramani kama alivyosema Mchora Ramani, wana kikundi kilichosajiliwa, na wanajua kusoma bajeti ya kata.

Mwalimu Kigamboni

Nichangie kidogo kuhusu mtu mmoja mmoja, maana kuna watu wanasema tabia ya mtu mmoja haina maana na wengine wanasema kila kitu ni tabia. Kumbukeni mifuko ya plastiki ya rambo. Miaka na miaka tuliambiwa tuache, vipindi redioni, mabango, hakuna aliyeacha, mimi mwenyewe nafundisha mazingira na sokoni natoka na rambo kwasababu ndo muuzaji anayokupa. Juni 1, 2019 marufuku ikaanza kwa wote, muda mfupi tu nchi nzima inatembea na vikapu na mifuko ile mbadala. Watu hawakubadilika roho, mazingira ya kuchagua yalibadilika kwa wote siku moja na tajiri na maskini wote wakabeba mfuko uleule. Sasa hivi vile vifungashio vyepesi vya plastiki vimerudi taratibu vinafanya kazi ya rambo, sababu usimamizi umelegea. Wanafunzi wangu wanaviokota kwenye mikoko ya pwani kila tukienda kusafisha, vimenasa kwenye mizizi kama nguo zilizoanikwa, na mikoko ndo inayozuia mawimbi kula ardhi yetu.

Mkazi wa Tabata

Mwalimu umemaliza. Hiyo ndo sababu mimi sitaki kumlaumu mtu kwa kuwa hana gesi au kwa kuwa anapanda boda. Mwenye uwezo zaidi ndo aanze kubanwa. Wewe mwenye gari tatu na kiyoyozi kila chumba, kila mtu wa familia yako anazidi hiyo tani 0.2 ya kaboni kwa mbali sana, na wewe ndo mwenye namba ya simu ya diwani. Tumia sauti hiyo kudai mabasi ya uhakika na njia za waenda kwa miguu zenye kivuli, maana watu wengi wa huu mji wanatembea juani kwenye barabara zilizokatwa miti ili zipanuliwe kwa ajili ya gari lako. Miarobaini na mikungu ya zamani ikikatwa hakuna anayeulizwa, na joto la saa nane mchana Februari linampata muuza maji, halimpati aliye ndani ya gari.

Sasa nije kwenye la kufanya maana nisingependa tuishie kuongea. Mtaani kwetu tunaandaa hoja kwa ajili ya mkutano wa wakazi wa mtaa. Tunataka ada ya taka isomwe hadharani, imekusanywa kiasi gani, mkandarasi kalipwa kiasi gani, wazoa taka wa maguta wamepata nini. Tunataka nyumba zianze na viroba viwili tu, mbichi na kavu, na kavu iwe mali ya mzoa taka bila mtu kumdai. Karavati la kona lizibuliwe kabla ya masika na sio baada, na tope likitolewa lisirundikwe pembeni ya mtaro likasubiri mvua ilirudishe ndani, lipakiwe siku hiyohiyo. Hili la tope naomba mlikazie kokote mlipo maana linafanyika mji mzima, vijana wanalipwa kuzibua, tope linaachwa ukingoni, mvua moja limerudi lilipotoka na hela imeliwa mara mbili.

Halafu jambo la mwisho ndo gumu zaidi, tunataka kuandikiana na mitaa ya chini yetu kule Kigogo, ili mtaro wetu tusiuzibue kwa kuwasukumia wao. Kuna anayejua utaratibu wa mitaa ya kata tofauti kukaa kikao kimoja?

Mchora Ramani

Anzeni kwa watendaji wa kata, waombeni wakutane na wenyeviti wa mitaa husika na madiwani wawepo. Mimi nitawachorea mtaro mzima kuanzia kwenu mpaka unapoingia mtoni ili kila mwenyekiti aone kipande chake na cha mwenzake. Nitafute inbox.

Guta la Vingunguti

Nipo. Mkiandika barua muweke na sisi wa maguta, tusiwe wa kuitwa siku ya usafi tu. Na bei ya kiroba tuipange pamoja mezani.

Kichwa Maji

Mimi bado nasema wakubwa walipe kwanza na sitaacha kusema. Ila karavati la kwetu Mabibo nalo limeziba, Jumamosi nitaenda kumuona mwenyekiti nimuulize ada yetu ya taka inaenda wapi. Nitaleta mrejesho.

Mama Lishe Buguruni

Mwanangu wa Tabata, huo mkutano wenu wa mtaa muwaulize wakina mama saa ngapi wanaweza. Huku kwetu wanaita saa nne asubuhi siku ya kazi, saa nne mimi niko na sufuria tatu motoni, wanaoenda ni wanaume waliostaafu, halafu baadaye tunaambiwa wananchi wamekubali. Hata huo mpango wa gesi ulipitishwa hivyo hivyo.

Mkazi wa Tabata

Nimekuelewa mama. Naenda kwa mtendaji kesho, nitaomba iwe Jumapili saa kumi jioni, na tangazo libandikwe gengeni na kwenye vibanda vya chakula, sio kwenye mlango wa ofisi peke yake.